Duka la mashine zilizokufa, Mwanjelwa: miwani, leza na kigae cha Peltier kwa mwalimu wa fizikia

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeibana kwa sababu ya tochi za leza, nitafika huko.

Duka halina bango. Ni kibanda cha mabati nyuma ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, katikati ya wauza spea za pikipiki na mama mmoja wa chai na maandazi. Ukiuliza fundi wa mashine zilizokufa utaelekezwa. Ndani kuna televisheni za mtumba zilizopasuka, kompyuta zilizofumuliwa, mashine za maji ya kunywa, spika, na maboksi ya viatu yenye vitu ambavyo fundi mwenyewe hajui vinaitwaje. Yeye anajua vilitoka kwenye nini, na mara nyingi hilo linatosha.

Mimi nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Klabu yetu ya sayansi iliruhusiwa kuchagua mada moja nje ya silabasi, na vijana wakachagua wenyewe: jinsi mwanga unavyoweza kuzalisha mkondo wa spini (nitaueleza mbele) ndani ya hizi sumaku mpya zisizofuata utaratibu tuliouzoea. Wameisoma kwenye simu, wakanitupia mimi. Mada kama hiyo ukiifundisha kwa chaki peke yake, hasa mchana baada ya ugali, unahutubia watu waliolala. Nikataka vitu vya kushika mkononi. Duka la vifaa vya maabara nililoulizia kwanza lilinipa bei ya vichujio viwili vya mwanga ambayo sikuthubutu hata kuipeleka kwa mkuu wa shule. Ndipo mwenzangu anayefundisha kompyuta akanielekeza huku.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mteja mwenye shida yake maalumu. Kama unatafuta chaja ya simu au kava, maduka yapo mengi barabarani, wala usihangaike kuingia ndani.

Kilichonifurahisha kuliko vyote kwa bei yake ni miwani ya televisheni za 3D. Miaka ya 2010 na kitu televisheni nyingi ziliuzwa pamoja na miwani hii ya plastiki. Mtindo ukapita, televisheni zikaja kwetu mtumba, miwani ikakosa kazi. Fundi anayo boksi zima. Alianza na 3,000 kwa moja, tukamalizana 1,500 kwa kuwa nilichukua za klabu nzima.

Ila chagua. Zipo za betri, ambazo vioo vyake vinafunga na kufunguka kwa zamu. Hizo achana nazo. Zipo zenye kichujio cha mstari, yaani kinachopitisha mwanga unaotikisika kwenye mstari mmoja tu. Unayoitaka ni ile inayochuja mwanga wa mzunguko, yaani mwanga ambao uga wake wa umeme unazunguka kadiri unavyosonga mbele, ama mkono wa kulia ama wa kushoto. Vaa miwani, fumba jicho moja, jitazame kwenye kioo. Kama unaliona jicho ulilolifumba, na lile lililo wazi limefunikwa na weusi, umepata. Ukiona kinyume chake, hiyo ni ya mstari. Fundi hana kioo cha kujitazama, kwa hiyo mimi natumia sarafu ya mia tano iliyo mpya. Laza miwani juu yake, uso wa nje ukigusa sarafu: sarafu inafifia mpaka inakuwa nyeusi yenye zambarau kidogo. Geuza miwani, uso wa ndani uwe chini, sarafu inang'aa tena. Mwanga wa mkono wa kulia ukigonga chuma unarudi ukiwa wa mkono wa kushoto, na kichujio kilekile kilichoupitisha kwenda kinaukatalia kurudi. Fundi alivyoona hivyo aliacha alichokuwa anachomelea, akairudia sarafu kwa miwani zote za boksi, zile za mstari akazitenga. Siku hizi anazo maboksi mawili. Bei ya zile nzuri imepanda kwa mia tano, na lawama hiyo nitaibeba mimi.

Mkono wa mwanga una maana kwa sababu kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, wa aina hiyo imebeba kiasi maalumu cha mzunguko, kinachoitwa spini, na inaweza kukikabidhi kwa kitu inachokigonga. Richard Beth alikipima Marekani mwaka 1936: alining'iniza kisahani cha kwatsi kwenye uzi mwembamba mno, akapitisha mwanga, na kisahani kikasokotwa. Kwa bei hiyo ndogo mwanafunzi wa Mbeya anapata kifaa cha kutengeneza mikono yote miwili ya mwanga. Pitisha leza kutokea upande wa ndani, ule unaokaa usoni. Kioo cha kushoto kitakupa mkono mmoja, cha kulia kitakupa wa pili.

Sasa leza. Nyekundu sina ugomvi nazo: 650 nanomita, fotoni yake ina nishati ya elektronivolti 1.9 hivi, betri ndogo tatu, 5,000. Ugomvi uko kwenye za kijani. Kijani hicho cha nanomita 532 hakizaliwi kijani. Ndani kuna diodi inayotoa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya 808, inasukuma fuwele itoe 1,064, kisha fuwele ya pili inaugawa urefu wa wimbi huo kwa mbili. Tochi za bei ya chini mara nyingi hazina kichujio cha kuizuia infraredi inayovuja, na namba ya nguvu iliyobandikwa ubavuni huwezi kuiamini hata kidogo. Macho hayapepesi kwa mwanga yasiouona, kwa hiyo yanaungua kimyakimya. Nilimwambia fundi asiwauzie watoto. "Sasa Madamu, hao watoto ndio wateja wenyewe." Hapo hatukuelewana na mpaka leo hatujaelewana. Nilichukua nyekundu za darasani, na kijani moja ambayo inakaa kwenye droo yangu, haiguswi na mtu. Mzazi unayesoma hapa, ukimkuta mwanao na ya kijani, mnyang'anye.

Kwa wasio na habari ya mada, nieleze kidogo, halafu turudi dukani. Elektroni ina chaji, na ina spini, ambayo ukiipima kwenye mhimili wowote inatoa jibu moja kati ya mawili: juu au chini. Umeme wa kwenye waya ni chaji inayosogea. Spini zimechanganyika humo na hazina hesabu. Mkondo wa spini unatokea pale elektroni za spini juu zinapokwenda upande mmoja na za spini chini upande wa pili. Fikiria bajaji za bluu zinatoka Kabwe kwenda Uyole, na idadi ileile ya nyekundu zinatoka Uyole kuja Kabwe. Askari wa barabarani anayehesabu bajaji tu ataandika kwamba hakuna kituo kilichoongezewa hata moja. Lakini jioni Uyole yote ni bluu na Kabwe yote ni nyekundu. Chaji kwa jumla haikuhama, spini imehama.

Kwamba umeme unaweza kuzitenga spini kwa namna hiyo kulitabiriwa na Dyakonov na Perel mwaka 1971, na kukaonekana maabara 2004. Mwanga nao unaiweza kazi hiyo, bila kufunga waya wa kusukuma chochote, ila si kwenye kila kitu. Kwenye fuwele ambayo ukiipindua kupitia kitovu chake haibadiliki, mwanga unaoimulika sawasawa hauna sababu ya kupeleka elektroni kushoto badala ya kulia. Lazima ulinganifu huo uvunjwe: na uso wa fuwele, na mpangilio wa sumaku zake, au na vyote viwili. Hii sentensi niliiandika ubaoni na kuiacha wiki nzima, maana bila hiyo mengine yote yanageuka uchawi.

Turudi kwenye meza ya fundi. Diski ngumu za kompyuta zilizokufa anauza 4,000, na hapa anakupunja kidogo kwa sababu kwa wachoma vyuma zinakwenda kwa kilo. Chukua hata hivyo. Utahitaji bisibisi ya nyota ya pembe sita, ambayo anayo na haazimishi. Ndani kuna sumaku mbili za neodimiamu zenye nguvu ya kufinya kidole mpaka kitoe damu. Zitenganishe kwa kuzitelezesha, usizivute. Lakini mali yenyewe iko kwenye ncha ya ule mkono mwembamba, kidude cha milimita moja hivi kinachosoma data. Humo ndimo spini ilikoanza kulipa bili. Mwaka 1988 makundi mawili, la Albert Fert Ufaransa na la Peter Grünberg Ujerumani, yaligundua kwamba ukipanga tabaka nyembamba sana za sumaku na zisizo sumaku kwa zamu, ukinzani wa umeme unabadilika sana kutegemea kama sumaku zinatazama upande mmoja au zinapingana. Kufikia 1997 ugunduzi huo ulikuwa umeshaingia kwenye vichwa vya diski za kuuzwa madukani, na mwaka 2007 wote wawili wakapewa Nobel.

Kuna kitu ndani ya kichwa hicho ambacho vijana walikipenda kuliko Nobel. Moja ya tabaka zake ni sumaku isiyovuta hata pini, kwa kawaida mchanganyiko wa manganizi na iridiamu au platinamu. Atomi zake ni sumaku ndogondogo, ila jirani na jirani zinatazama pande zinazopingana, kwa hiyo nje jumla ni sifuri. Kazi yake ni kuishikilia tabaka ya jirani isigeuke. Louis Néel, aliyezieleza sumaku za namna hii na kupata Nobel ya 1970, aliwahi kusema kwamba zinavutia sana lakini haoni za kazi gani. Nikamwonyesha fundi: mzee alisema hazina kazi, na wewe umezijaza kwenye debe. Akazihesabu upya.

Kundi jipya zaidi, lile lililowapagawisha wanafunzi wangu, linaitwa altamagneti. Tulipowapeleka Kimondo cha Mbozi walibandika sumaku, ikashika. Ule ni usumaku wa vitabuni, chuma chenye nikeli kidogo. Altamagneti haishiki, jumla yake nje ni sifuri pia, ila ndani elektroni za spini juu na za spini chini hazina nishati sawa zinapoelekea pande fulani za fuwele. Ukigeuka pande nyingine, aliyekuwa juu anakuwa chini. Šmejkal, Sinova na Jungwirth waliipanga nadharia hiyo ikaeleweka mwaka 2022, na mwaka 2024 vipimo vya teluraidi ya manganizi vikaionyesha. Yenyewe inaendelea kuwa sumaku mpaka karibu na kelvini 310, yaani nyuzi 37 hivi, ambayo kwa baridi yetu ya Juni ni mbali kabisa. Oksidi ya rutheniamu, ambayo mwanzoni ndiyo iliyopigiwa debe, imekuja kutiliwa shaka na vipimo vya baadaye. Nawaambia vijana: huko nako kuna matokeo ya mtihani yanayofutwa.

Uzuri wa kitu cha namna hii kwa mwanga ni kwamba spini tayari zina njia zake tofauti ndani ya fuwele. Nadharia inasema ukichagua vizuri upande ambao uga wa mwanga unatikisika, hata kwa mwanga wa mstari tu, unaweza kuamsha zaidi elektroni za spini moja kuliko nyingine. Na kwa kuwa nje hakuna uga wa sumaku, vijumba vya kumbukumbu vya kompyuta vikitengenezwa nazo havitaingiliana hata vikibanana. Kasi nayo ni nyingine: sumaku za kawaida zinajibu kwa gigahezi (mabilioni ya mara kwa sekunde), hizi za kupingana zinafika terahezi (matrilioni).

Hiyo teluraidi ya manganizi fundi hana. Lakini ana kitu nisichokitegemea, na ndicho kilichonifanya niandike maoni haya badala ya kumshukuru tu mdomoni.

Mashine za maji za kupoza, zile ndogo zisizo na kompresa, zina kigae cheupe cha sentimita nne kwa nne chenye waya mwekundu na mweusi. Ni kigae cha Peltier. Ukikipa umeme, uso mmoja unapoa na mwingine unachemka. Kati ya vibao vyake viwili vya kauri kuna vipande vidogo vya rangi ya risasi, katika aina iliyozoeleka jozi 127, na maada yake kuu ni teluraidi ya bismathi. Anayefuatilia fizikia ataruka hapo alipo. Teluraidi ya bismathi ni moja ya maada za kitopolojia ambazo mwaka 2009 zilithibitishwa maabara: ndani ni kihami, au tuseme nusu kipitishi chenye pengo dogo (nishati ambayo elektroni lazima ipate ndipo ipitishe umeme), lakini usoni lazima ipitishe umeme, na elektroni za usoni zimefungwa spini na mwelekeo pamoja. Inayokwenda kulia ina spini ya upande huu, inayokwenda kushoto ina spini ya upande ule. Huwezi kubadili kimoja ukaacha kingine. Maada inayotajwa kwenye makala zote walizosoma vijana ilikuwa Mwanjelwa, kwenye boksi la viatu, 15,000.

Fundi anakiuza kwa maneno yake. "Madamu, hii ukiimulika inatoa umeme. Ni solar ya ndani ya nyumba." Nikamwambia tuone. Akafunga multimeta kwenye zile waya, kwenye millivolti. Kwanza akaenda kwa mama wa chai, akarudi na kikombe cha moto, akakiweka juu ya kigae: namba ikaruka mara moja. Hiyo ni sawa, tofauti ya joto kati ya nyuso mbili inasukuma umeme, ndivyo kilivyo. Akaondoa kikombe, tukasubiri kitulie, nikachukua ile leza ya kijani na kumulika uso uliopakwa masizi kidogo. Namba ikapanda, taratibu, 0.1, 0.2, ikafika 0.6 ikasimama. Fundi akanitazama kwa ushindi.

"Subiri mdogo wangu." Nikaweka miwani mbele ya leza, uso wa ndani ukitazama tochi, nikapitisha kwenye kioo cha kushoto. Namba ikashuka kidogo kwa kuwa kioo kinakula mwanga. Nikahamia kioo cha kulia. Namba ileile, alama ileile. Mara ya pili, kushoto, kulia. Haikutikisika.

Hicho ndicho kipimo chenyewe. Mwaka 2012 kundi moja la MIT, chuo cha Marekani, lilimulika selenaidi ya bismathi, ndugu wa maada hii, kwa leza ya pembeni, wakawa wanazungusha bamba la robo wimbi ili mwanga ubadilike kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Sehemu ya mkondo ikageuka upande pamoja na mkono wa mwanga. Sehemu hiyo ndiyo ya elektroni za usoni: mkono mmoja wa mwanga unaamsha zaidi zenye spini ya upande mmoja, na kwa kuwa spini imefungwa na mwelekeo, elektroni zinaondoka kwa wingi upande mmoja. Sehemu ambayo haikujali mkono wakaiweka kando, na joto limo humo. Cha kwetu hakikujali mkono hata chembe, na kilipanda taratibu, wakati mkondo wa spini hausubiri kitu kipate moto. Basi ni joto tupu. Fundi akauliza kwa nini chake kisifanye kama cha MIT ikiwa maada ni ndugu. Swali zuri kuliko mengi ninayopata darasani. Kwanza leza inagonga kauri, haifiki kwenye teluraidi kabisa. Pili, vipande vya Peltier vimechanganywa makusudi na vitu vya kuongeza au kupunguza elektroni ili tumbo lipitishe umeme vizuri, kwa hiyo uso unamezwa na tumbo. Tatu, fotoni ya kijani ina elektronivolti 2.3 na pengo la maada hii halifiki hata 0.2, inaamsha kila kitu inachokikuta. Akasikiliza, kisha akasema basi ataendelea kukiita solar ya ndani kwa sababu wateja wanakielewa hivyo. Biashara ni yake.

Onyo kwa atakayetaka kukipasua: usisage vile vipande wala usivichome. Telurimu ikiingia mwilini inakaa, na dalili yake ya kwanza inayojulikana ni pumzi kunuka kitunguu saumu kwa siku nyingi. Vijana walicheka. Mimi niliwafungia vipande kwenye kichupa cha kioo.

Na kichupa hicho kimenipa kipindi kizuri kuliko vyote vya muhula. Teluraidi ya bismathi imepangwa kwa karatasi za atomi tano tano: telurimu, bismathi, telurimu, bismathi, telurimu. Ingiza katikati tabaka moja ya manganizi na telurimu, karatasi inakuwa ya atomi saba. Hapo maada ya kitopolojia imekuwa sumaku, na sumaku yenyewe ni ile ya kupingana: karatasi moja inatazama juu, inayofuata chini. Ilitangazwa 2019 kuwa ya kwanza ya aina yake iliyo sumaku kwa asili yake, pasipo kuchovywa madini ya nje. Ukiwa na karatasi chache zenye idadi shufwa, ulinganifu wa kupindua unavunjwa na mpangilio wa sumaku wenyewe, na hapo mwanga unapata ruhusa niliyoiandika ubaoni. Shida ni baridi: inaacha kuwa na mpangilio huo ikifika kelvini 24 hivi, yaani nyuzi 249 chini ya sifuri. Huko unafika kwa heliamu, hiyohiyo inayotafutwa ardhini bonde la Rukwa. Mwanafunzi mmoja akauliza ikichimbwa tutagawiwa? Nikamwambia aandike barua.

Sasa huduma. Fundi ana adabu, ana subira, na anakuachia kupima kitu mpaka uridhike, jambo ambalo maduka ya vioo barabarani hayana. Hana risiti, nililazimika kumwandikia mwenyewe akatia sahihi ili mhasibu wa shule anirudishie hela. Hana dhamana, kitu kikifa nyumbani ni chako. Vumbi ni jingi, nenda na kitambaa cha kufutia vioo vya miwani, na usifute kwa upande wa kanga yako kama nilivyomwona mteja mmoja anafanya; vinachubuka. Bei zote zinashuka ukimsalimia vizuri na kumuuliza habari za nyumbani, na zinapanda ukija umevaa tai. Mvua ikinyesha anafunga mapema kwa sababu paa linavuja juu ya meza ya kuchomelea.

Ushauri wa manunuzi kwa mwalimu mwenye bajeti ya klabu: miwani chukua za kutosha, zimethibitishwa kwa sarafu. Leza nyekundu tu. Diski ngumu moja inatosha darasa zima. Kigae cha Peltier omba kile kilichokufa, ambacho hakipozi tena; vipande vyake vya ndani ni vilevile na mimi nilikipata kwa 4,000. Vioo vya vikokotoo vibovu omba bure, vina kichujio cha mstari usoni kinachobanduka kwa wembe, na ukikiweka pamoja na miwani unaweza kuonyesha karibu kila kitu kuhusu mwanga ambacho silabasi inataka, na kingine ambacho haitaki.

Anafungua saa mbili na nusu, Jumapili hayupo. Lipa kwa simu, chenji hana. Na boksi la viatu lililoandikwa KLABU kwa kalamu nyekundu, chini ya meza upande wa kushoto, tumeshalilipia nusu. Msimshawishi.